Kwa nini Cristóbal Colón, meli yenye mbio, ilifikiwa na Oregon?

Swali: Katika vita vya Santiago de Cuba mwaka 1898, kruza (meli ya kivita yenye mbio) ya Hispania Cristóbal Colón ilikuwa na mbio za noti 20 (maili za bahari 20 kwa saa), ilhali manowari ya Marekani Oregon haikufika hata 17. Ilipatikanaje?

Jibu: Noti 20 ni mbio za majaribio, si za vitani. Siku ya Julai 3 Colón ilikwenda maili za bahari zipatazo 50 kwa saa tatu na nusu hivi, yaani noti 14 kwa wastani. Kikosi cha Hispania cha Admirali Cervera, ambamo Colón ilikuwamo, kilikuwa kimefungiwa bandarini na meli za Marekani tangu Mei, katika maji ya joto ambamo chaza na mwani huota upesi chini ya meli. Isitoshe, mabaharia wengi walikuwa wamerudi tu melini kutoka nchi kavu, walikoshushwa kuulinda mji.

Makaa ndiyo yaliyoamua. Colón ilianza na makaa mazuri ya Cardiff, Uingereza. Yalipokwisha, wakatia ya Santiago, yaliyo duni. Makaa ya namna hiyo huacha mabonge magumu juu ya vyuma vya tanuri, hewa haipiti sawasawa, na mvuke hushuka hata wachochea moto wafanye nini.

Oregon, kwa upande wake, ilikuwa na mvuke katika boila zote tangu mwanzo, na Kapteni Clark alikuwa ameweka akiba ya makaa bora kwa siku ya vita. Mwenzake, kruza ya Marekani Brooklyn, mwenye mbio zaidi kwenye karatasi, alikuwa amezitenga injini zake mbili za mbele na mihimili ya rafadha ili kubana makaa. Kuziunganisha kulidai meli isimame, jambo lisilowezekana katikati ya kufukuzana.

Watu hutaja sana mizinga miwili ya milimita 254 ambayo Colón haikuwahi kufungwa, kutokana na mabishano juu ya ubora wake. Haikuhusu mbio, ila upungufu huo uliuma: anayekimbizwa hupiga kwa tezi (nyuma ya meli), na mnara wa mzinga wa tezi ulikuwa mtupu. Mizinga yake ya milimita 152 ilikaa zaidi ubavuni.

Makombora ya milimita 330 ya Oregon yalipoanza kuifikia, Colón ilielekezwa ufukweni kwenye mlango wa mto Turquino, yapata saa 7:15 mchana. Mabaharia wake wakafungua vali za chini ili izame. Baadaye kruza ya Marekani New York ilijaribu kuisukuma ikae majini pasipo kina, lakini Colón ilikuwa imejaa maji, ikalala ubavu.