Kwa Nini Tunakumbuka Mundu na Mwavuli

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kwa nini silaha za kujitengenezea, za mawe, mapanga na chupa, hukumbukwa kuliko bunduki zilizopambana nazo, ilhali mara nyingi zimeshindwa. Jibu langu ni kwamba zinaonyesha aliyezishika ni nani. Bunduki ya jeshi hutolewa ghalani, na kesho itabebwa na mwingine. Chombo cha kazi kinamtaja mwenyewe hata kabla hajafungua kinywa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Poland. Tarehe 4 Aprili 1794, huko Racławice, Tadeusz Kościuszko, kiongozi wa uasi wa Wapoland, alikabiliana na jeshi la Urusi akiwa na wakulima wengi wasio na bunduki. Miundu yao mirefu ya kukatia nafaka ilikuwa imenyooshwa, makali yakasimama juu ya mpini mfano wa mkuki. Waliikimbilia mizinga wakaiteka. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Bartosz Głowacki, alizima utambi wa mzinga kwa kofia yake. Watu hao walikuwa watwana wa mabwana wa ardhi, kwa hiyo mundu ule haukuwatisha Warusi peke yao, uliwasemesha pia mabwana wa nyumbani. Mwezi uliofuata, kwa tangazo la Połaniec, Kościuszko aliwapa watwana uhuru wa nafsi zao na kuwapunguzia kazi za lazima. Vita vyenyewe walishindwa. Kościuszko alitekwa mwezi Oktoba, na mwaka 1795 Poland ikagawanywa ikafutika kwenye ramani. Mundu haukufutika. Mwaka 1940, marubani wa Kipoland wa Kikosi cha 303, waliokuwa wakiilinda anga ya Uingereza, walipaka kwenye ndege zao nembo yenye miundu miwili iliyopishana. Walikuwa na ndege za kivita za wakati wao, na bado walichagua kujitambulisha kwa chombo cha shambani.

Lakini si kila chombo cha shambani kilipewa heshima hiyo. Nchini Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia msituni na mapanga, pamoja na bunduki walizojiundia kwa vipande vya bomba la maji na makomeo ya milango. Baadhi ya bunduki hizo ziliwalipukia wenyewe mikononi. Serikali ya kikoloni ililishika panga ikalifanya picha ya ushenzi, na picha hiyo ikaenea katika magazeti ya Uingereza. Sikatai kwamba panga liliua watu wasio na hatia. Mauaji ya Lari ya Machi 1953 yalikuwa ya kutisha. Ila serikali hiyohiyo ilinyonga watu zaidi ya 1,000 katika vita vile, na kitanzi hakikuitwa cha kishenzi, kwa kuwa kilikuwa na hakimu na mhuri. Mkulima wa Racławice na mkulima wa Nyeri walifanya jambo moja: walichukua kilichokuwa mkononi. Aliyeandika habari ndiye aliyeamua nani shujaa na nani mnyama.

Katika maandamano mamlaka huenda mbali zaidi, ikaamua hata kitu gani ni silaha. Hong Kong mwaka 2014 watu walifungua miavuli kujikinga na dawa ya pilipili, na baada ya mabomu ya machozi ya Septemba 28 mwavuli ukawa alama ya vuguvugu zima la kudai demokrasia. Mwavuli haumuumizi mtu, na nadhani ndiyo sababu picha zake zilikuwa na nguvu kiasi kile: ukimpiga mtu aliyejifunika mwavuli, anayetazama anajua mara moja nani ameshambulia. Agosti 2019, katika maandamano mengine, polisi wa huko walimkamata mwanafunzi aliyenunua kalamu 10 za mwanga wa leza, wakisema ni silaha. Waliitisha hata waandishi wa habari wauone mwanga ule ukichoma gazeti. Usiku huo umati ulikwenda kwenye Makumbusho ya Anga ukaimulika kuba yake kwa leza hizohizo, kuonyesha kwamba haikuungua.

Chupa ya petroli siipi nafasi kubwa, ingawa ndiyo maarufu kuliko zote. Tayari ilikuwa imetumika katika vita vya Hispania kabla Wafini hawajaipa jina la Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Wasovieti, katika vita vyao na Wasovieti vya 1939–40, na huko Finland kampuni ya pombe ya serikali ilizijaza kiwandani kwa maelfu kwa maelfu. Hapo ilishakuwa silaha ya jeshi kama nyingine.

Linalonisumbua ni Rwanda. Mwaka 1994 panga lilikuwa mikononi mwa wauaji, majirani wakiwaua majirani, huku redio na viongozi wakiwahimiza. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaodhani kwamba chombo cha mnyonge kina haki ndani yake. Kinamtambulisha aliyekishika, basi, na aliyekishika anaweza kuwa muuaji. Katika mauaji hayohayo, juu ya vilima vya Bisesero, maelfu ya Watutsi walijilinda kwa wiki kadhaa kwa mawe, fimbo na mikuki dhidi ya wanamgambo na askari wenye bunduki na mabomu ya mkono. Wengi wao waliuawa. Mkiniuliza ni silaha ipi kati ya zote inayostahili kukumbukwa kuliko ilivyo sasa, nitataja mawe yale kabla ya miundu ya Poland na miavuli ya Hong Kong, kwa sababu walioyarusha hawakuwa wakitafuta taifa wala serikali. Walitaka kuishi hadi kesho yake.