Karakana Yajibu: Kisu Kimoja, Mafundi Wanne, Mnada wa Hisani

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja. Mafundi kadhaa wanaungana, kila mmoja anatia kazi yake kwenye kisu kimoja, kisha kisu kinauzwa na fedha zinakwenda kwenye shughuli ya hisani. Tumeziweka pamoja.

Wakuu, tuko wanne: mhunzi, fundi wa grenda na msasa, mchonga mpingo na fundi ngozi. Tunataka kutengeneza kisu cha kazi tukiuze, fedha zinunue kitanda cha kujifungulia kwa zahanati ya kijiji. Nani aanze, na tufanyeje ili mmoja asiharibu kazi ya mwenzake? (Moshi)

Wa kwanza kushika nyundo ni mhunzi, lakini kazi inaanzia kwenye kadibodi. Choreni kisu kwa ukubwa wake halisi, ubavuni na mgongoni, mkate nakala nne, kila fundi abaki na yake. Vipimo viandikwe juu yake. Kwa kisu cha kazi cha kawaida, bapa sm 12, msuka (mkia wa chuma unaoingia mpinini) sm 11 unaofuata umbo lote la mpini, mgongo mm 4, matundu ya ribiti mm 6.

Visu vya ushirika haviharibikii kwenye fuawe, vinaharibikia kwenye makabidhiano. Mhunzi analeta msuka wa mm 5 badala ya mm 4, mchonga mpingo ameshatoboa vibao vya mpini kwa makadirio yake, matundu hayakutani, na chuma kimekwisha tiwa ugumu, hakitoboki tena kwa keekee ya kawaida. Kwa hiyo shikeni mpangilio huu: kufua, kupumzisha chuma, kutoboa matundu yote, kusaga hadi makali yabaki na unene wa karibu mm 1, kutia ugumu, kulegeza kwenye oveni, kusaga tena hadi mm 0.3 au 0.4, kung'arisha, kuchora alama, mpini, ala. Kunoa ni mwisho kabisa. Fundi ngozi atalichomeka na kulichomoa bapa mara nyingi akipima ala yake, na hana sababu ya kujikata kwa ajili ya haraka za wengine.

Bapa lililong'arishwa lisafiri limefungwa karatasi na utepe. Mkwaruzo mmoja wa meno ya jiliwa unamrudisha mtu wa msasa hatua tatu nyuma.

Ushauri wetu mwingine, ambao wengi huuona ni gharama bure: fueni mabapa mawili. Moja likipasuka kwenye oili, tarehe ya mnada haisogei. Yote yakipona, mna kisu cha pili cha kuuza. Na mteueni mmoja wenu awe na neno la mwisho. Kisu chenye maoni manne sawa huishia na mpini wa kupendeza ambao hauendani na bapa lake.

Tumefua bapa kutoka springi ya gari, tukalizamisha kwenye maji, likalia "tii!" na kupasuka karibu na mpini. Tatizo ni springi au ni sisi? (Tanga)

Yawezekana vyote viwili, ila maji ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Springi za sahani huwa ni pua (feleji) yenye kaboni ya karibu asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, aina ya 5160, au SUP9 kwenye magari mengi ya Kijapani. Kromiamu hiyo inaifanya pua ishike ugumu hata ikipozwa polepole kiasi, ndiyo maana oili inaitosha. Maji huipoza kwa kasi mno; ngozi ya nje inakakamaa huku ndani bado kuna moto, na mvutano huo hutafuta mahali dhaifu pa kupasulia. Mahali hapo mara nyingi ni pembe kali ambapo bapa linakutana na msuka, au mkwaruzo mzito wa grenda uliokata bapa kwa upana. Zungusheni pembe hizo kwa tupa ya duara, na msasa wa mwisho kabla ya moto upite kwa urefu wa kisu.

Springi iliyokwisha tumika nayo ina hila yake. Imepinda na kunyooka miaka mingi, huenda ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kwa kisu chenu cha nyumbani, sawa. Kwa kisu ambacho mgeni atalipia fedha nyingi akiamini anasaidia wagonjwa, nunueni sahani mpya kwenye duka la vipuri.

Baada ya kufua, pumzisheni chuma mara tatu: kitieni moto hadi sumaku isikishike, kitoeni kipoe hewani hadi cheusi, mrudie, kila mara moto ukipungua kidogo. Hapo chembe za chuma zilizovimba kwa moto wa kufua zinarudi kuwa ndogo. Kisha fanyeni jaribio kwa kipande cha springi hiyohiyo: kitieni ugumu, kibaneni kwenye jiliwa, kivunjeni kwa nyundo mkiwa mmevaa miwani. Ndani pakiwa na kijivu laini, endeleeni. Mkiona chembe zinazometameta, moto ulizidi.

Siku ya kutia ugumu, zimeni taa au fanyeni jioni, rangi ya moto ionekane. Sumaku huacha kushika karibu nyuzi 770 za Selsiasi. Bapa lisogezwe mbele kidogo ya hapo, kama nyuzi 830, na rangi iwe moja kutoka ncha hadi shina. Oili iwe lita 4 au 5 ndani ya chombo kirefu cha chuma chenye mfuniko, ipashwe hadi nyuzi 50 au 60, kwa sababu oili baridi ni nzito na hupoza vibaya. Mafuta ya alizeti yanafaa. Oili chafu ya injini iacheni, moshi wake ni sumu. Bapa liingie ncha kwanza, wima, lisogezwe mbele na nyuma kufuata makali. Ukilipeleka ubavuni, litapinda.

Likipoa, pitisheni tupa: iteleze bila kung'ata. Mkwaruzo wa kwanza ukishika kidogo msikate tamaa, ngozi ya juu hupoteza kaboni kwenye moto. Jaribuni chini yake. Bapa hilo sasa ni gumu lakini linavunjika kwa urahisi, kwa hiyo liingie oveni siku hiyohiyo, nyuzi 200, saa 2, lipoe, kisha saa 2 nyingine. Oveni ya jikoni inatosha, lakini nunueni kipimajoto cha oveni, maana namba za kwenye kitufe si za kuaminika.

Mwenzetu alipokuwa anasaga kwa mara ya pili, makali yakageuka bluu. Tufute kwa msasa tuendelee? (Kisumu)

Msasa utaondoa rangi, hautarudisha ugumu. Bluu maana yake chuma kimefika karibu nyuzi 300, na ninyi mlilegeza kwa 200. Ikiwa bluu iko milimita moja tu ukingoni na bapa lina upana wa kutosha, sageni hadi muivuke. Imepanda zaidi ya hapo, rudieni moto na oili tangu mwanzo. Safari nyingine asage bila glavu upande ulioshika bapa, ndoo ya maji ikiwa pembeni: vidole vikishindwa kuvumilia, bapa lichovywe.

Vibao vya mpingo vimeachia gundi wiki mbili baada ya kubandika, na kimoja kimepata ufa. Na je, mnunuzi wa Ujerumani anaweza kutumiwa kisu chenye mpingo? (Lindi)

Mpingo una mafuta yake ya asili, na gundi haishiki kwenye mafuta. Kwaruzeni upande wa kubandika kwa msasa namba 80, futeni kwa asetoni hadi kitambaa kisitoke na rangi, kisha bandikeni mara tu asetoni inapokauka. Tumieni epoksi ya kukauka saa 24, si ile ya dakika tano. Msibane klampu kwa nguvu zote. Mkikamua gundi yote nje, ndani hakuna kinachoshika. Msuka nao utobolewe matundu ya ziada kabla ya kutiwa ugumu, ili gundi ishikane kutoka kibao hadi kibao.

Ufa ni wa mti usiokauka, au wa joto la msasa wa mashine. Pimeni kibao kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka. Ribiti za shaba ya manjano hupata moto haraka mkizisaga na kuchoma gundi pembeni mwake, basi kwendeni taratibu. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na mapafu. Vaeni barakoa yenye kichujio, kitambaa hakitoshi.

Kuhusu Ujerumani: mpingo umo tangu Januari 2017 kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tangu 2019 bidhaa zilizokamilika zimesamehewa kibali cha CITES ikiwa mti hauzidi kilo 10 kwa mzigo, na mpini wenu hauwezi kufika huko. Bado tunzeni risiti ya gogo. Kilwa kuna misitu ya vijiji iliyopata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, tangu 2009, na mti wenye karatasi za namna hiyo unauzika vizuri mnadani. Pembe za ndovu na kifaru msifikirie kabisa. Mfupa wa ng'ombe unapendeza vilevile.

Kisu kimekaa ndani ya ala wiki tatu tukisubiri mnada, kimetoka na kutu. (Mombasa)

Ngozi iliyolainishwa kwa kromu hula chuma. Tumieni iliyolainishwa kwa magome ya miti, unene wa mm 3, na kati ya pande mbili wekeni ukanda wa ngozi ili makali yasikate uzi. Hata hivyo kisu kisitunzwe ndani ya ala, hasa pwani. Pakeni mafuta mepesi, kifungeni kwa karatasi, ala ikae kando.

Tuuze tiketi za bahati nasibu au tupige mnada? Na majina yetu manne yakae wapi? (Dodoma)

Bahati nasibu kisheria ni mchezo wa kubahatisha, na hapa Tanzania michezo hiyo inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hata kama fedha ni za msaada. Zabuni za bahasha ni nyepesi zaidi: bei ya kuanzia, tarehe ya kufunga, na bahasha zote zifunguliwe mbele ya viongozi wa zahanati. Bei ya kuanzia isishuke chini ya gharama ya vifaa. Amueni mapema, kwa maandishi, kama gharama hizo zinarudishwa kwenu au ni mchango, kwa sababu ugomvi wa fedha huzuka hapo. Mnunuzi alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, si kwenye simu ya fundi yeyote.

Mihuri minne ya kugonga kwa nyundo itadhoofisha shina la bapa. Chora kwa umeme baada ya kung'arisha: utepe uliokatwa herufi, maji ya chumvi kwenye pamba, chaji ya volti 9 hadi 12 ya umeme wa moja kwa moja, chanya kwenye kisu na hasi kwenye pamba. Gusa sekunde 5, inua, rudia mara kumi hivi, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya gesi. Jina la mhunzi na la aliyesaga yakae kwenye bapa, la mchonga mpingo kwenye ukingo wa msuka unaoonekana mgongoni mwa mpini, la fundi ngozi ligongwe nyuma ya ala.