Hofu ya saa tisa usiku

Niliamka kanga imelowa jasho mgongoni, moyo unanidunda kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Watoto wamelala, feni inazunguka, hakuna kilichotokea. Nikaenda jikoni kuangalia kama nimefunga mtungi wa gesi. Umefungwa. Nikarudi kitandani, nikaamka tena kwenda kuangalia. Safari ya tatu nilikaa sakafuni nikalia, na sikujua ninalia nini.

Nilikuwa na miaka 48. Ninauza vitambaa, nimeshalala stendi na mizigo yangu bila woga. Ghafla nikawa naogopa simu ikiita, naogopa daladala lililojaa, hata kuhesabu chenji mbele ya mteja mikono inatetemeka. Shoga yangu akasema nimerogwa. Zahanati niliyoanzia wakanipima presha, wakaikuta sawa, wakaniambia, "Mama, hayo ni mawazo tu." Nikarudi nyumbani na hofu yangu ileile, na aibu juu yake.

Miezi mitatu ikapita ndipo nesi mmoja wa makamo, kituo kingine, akaniuliza: "Mara ya mwisho uliona siku zako lini?" Ikabidi nifikiri. Zilikuwa zinaruka mwezi, zikija ni nyingi mno au matone tu. Akanieleza kuwa wengi wetu hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, lakini miaka kadhaa kabla ya hapo homoni ya estrojeni huanza kupanda na kushuka ovyo. Homoni hiyo haihusiki na kizazi peke yake, inagusa ubongo, usingizi na joto la mwili. Kumbe sikuwa nimechanganyikiwa!

Hakuishia hapo. Alitaka nipimwe wingi wa damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu, au tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi, huleta mapigo ya moyo kama yale yale. Dada zangu, vipimo hivi msiviruke kwa kudhani ni umri tu.

Kilichonifaa zaidi ni daftari la shule la mwanangu. Kila hofu ikija niliandika saa, nimekula nini, nimelala vipi. Wiki ya tatu nikaona: siku niliyokunywa chai ya rangi jioni, usiku wake ulikuwa mbaya. Sasa chai mwisho saa nane mchana. Moyo ukianza mbio navuta pumzi kwa hesabu ya nne, naitoa polepole kwa hesabu ya sita, dakika tano hivi. Haiondoi hofu papo hapo, ila inaipunguzia makali.

Dawa za homoni zipo, na ushauri nasaha upo pia. Zungumza na daktari kwanza, hasa kama umewahi kuugua saratani ya matiti. Usinunue dirishani kwa kuelekezwa na jirani. Na ukianza kuona heri ufe, usisubiri kupambazuke. Mwamshe mtu, nenda hospitali.

Lililonichukua muda mrefu ni kumwambia mume wangu. Nilidhani atanicheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama inauma. Siku hizi kabla ya kulala yeye ndiye anayekwenda jikoni. Akirudi ananiambia, "Gesi nimefunga," kisha ananiwekea kanga kavu kando ya mto.