Shoka la zamani limeharibika: ulifufue au uliachie?

Watu wengi wakipata shoka kuukuu lisilo na mpini wanakimbilia brashi ya waya na kuanza kusugua kutu. Mi nasema weka hiyo brashi chini kwanza. Kutu ndo inayotisha macho lakini ndo yenye uzito mdogo kabisa kwenye uamuzi, nimeshasafisha mashoka yaliyokuwa mekundu mwili mzima na chini yake chuma kikawa kizima, na nimeshashika shoka linang'aa limepakwa rangi mpya ambalo nisingekubali mtu alinyanyue karibu na watoto. Vinavyoamua ni vitu viwili tu, tundu la mpini, na chuma kigumu kimebaki kiasi gani pale kwenye makali.

Anza na tundu. Kipande cha mpini kilichong'ang'ania ndani kitoboe kwa drili alafu kigonge kitoke, na tafadhali sana usitupe shoka kwenye moto ili huo mti uungue, sababu yake ntaisema huko mbele. Sasa chungulia kwenye mwanga. Tundu zuri huwa pana juu na chini, katikati limebana kidogo, na huo mbano ndo unaofanya mpini ukishapigwa kabari ushike usichomoke. Kuta zikiwa zimebonyea kidogo kwa ndani sio kesi, tupa ya mviringo inasawazisha.

Kesi iko kisogoni. Mashoka mengi yametumika kupigilia kabari za chuma kwa kisogo, au shoka likikwama kwenye gogo mtu anachukua nyundo kubwa analigonga kwa nyuma, na ule upande wa nyuma ni chuma laini, haukutengenezwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo unapanuka kingo zinachanua nje. Zile kingo zenyewe unazikata kwa tupa (zikate kweli, ukija kugonga tena zinaruka vipande na jicho halina spea) lakini jiulize yale mapigo yaliishia wapi. Mara nyingi yalishuka hadi kwenye kuta za tundu, ambazo ni nyembamba, na hapo ndo ufa unapoanzia.

Ufa mdogo hauonekani kwa macho. Ninachofanya napakaa mafuta ya taa kuzunguka tundu lote, naacha yapenye, nafuta kabisa mpaka pakauke, alafu napaka unga wa chaki na kusubiri. Kama kuna ufa mafuta yaliyojificha ndani yanaanza kurudi juu na kulowesha chaki, unaona kamstari keusi kembamba kanajichora taratibu pembeni ya tundu pale ulipoapa hakuna kitu. Shoka lililonichorea huo mstari mimi silitii mpini. Fundi wa kuchomelea atakwambia anaziba, na kweli ataziba kwa juu, lakini kule ndani huna uhakika, na pembeni ya alipochomelea chuma kinaweza kubaki na ukavu wa kukatika, alafu ikitokea siku limepasuka uko katikati ya pigo kile kipande huwezi kujua kinaelekea kwa nani.

Tundu likipona njoo kwenye makali. Watu hawajui kwamba shoka halina ugumu sawa mwili mzima, ugumu uko mbele tu, mara nyingi kama sentimita 2 au 3 hivi kutoka kwenye makali, huko nyuma limeachwa laini makusudi ili listahimili mtikisiko. Na yale ya kizamani zaidi mwili ni chuma cha kawaida, mbele kimeunganishwa kipande cha chuma kigumu kwa kufuliwa, kikinolewa miaka na miaka kinakwisha. Chukua tupa kali, ipitishe shavuni kwanza, itauma. Alafu sogea mbele kidogo kidogo. Ukifika penye ugumu utaisikia mkononi kabla ya sikio, tupa inaanza kuuma kwa shida kama inataka kuteleza, sauti inakuwa nyembamba. Kama tupa inauma kirahisi vilevile mpaka mwisho wa makali, ndugu yangu, ule ugumu haupo, ama umeliwa wote na kunolewa ama umeuawa na moto. Pima na pembe zote mbili, kuna shoka katikati liko safi ila pembe moja imelika mpaka ikawa duara na hapo hamna kitu.

Moto ndo huu niliokuwa nausemea. Chuma kilichosafishwa kikipashwa moto kinabadilika rangi, nyuzi 220 hivi kinakuwa cha manjano ya majani makavu, kwenye 300 kinakuwa bluu, na bluu kwenye makali maana yake pameshalegea. Moto wa kuni unapita hapo kirahisi mno na grenda ikiachwa sehemu moja nayo inafika. Sio mwisho wa dunia, mhunzi anayejua kuivisha na kuchovya anaweza kurudisha ugumu, ila kwa shoka la kawaida nalipita tu.

Pengo la milimita chache kwenye makali linatoka kwa tupa na subira. Mashimo ya kutu nayo yanahesabika tu yakiwa karibu na makali, kwa sababu kila ukinoa unakutana na shimo jingine na makali yanatoka na meno, yaliyoko shavuni achana nayo. Hapo ndo sasa loweka kwenye siki usiku mmoja, suuza, kausha papo hapo na upake mafuta, la sivyo kutu inarudi ukiwa unaangalia. Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, inaweza kuwa na madini ya risasi.

Na kama lina ufa lakini ni la babu yako na roho inakataa kulitupa, lisafishe, lipake mafuta, litundike ukutani, ila usilitie mpini, maana likishakuwa na mpini kuna siku mgeni atalichukua akapasulie kuni.