Unataka ubunge 2030? Andika kwanza msimamo wako, mwanangu

Wiki hii nimepata meseji ndefu ya kijana mmoja wa Mbarali, jina simtaji maana hajaniruhusu. Anasema shikamoo mama, mimi natia nia ya ubunge 2030, nimekuwa nawafuatilia wagombea wa seneti kule Marekani naona kila mmoja kaandika msimamo wake hadharani, bima ya afya yuko wapi, bunduki yuko wapi, wahamiaji, utoaji mimba, kodi, mtu anasoma anajua huyu nikimpa kura atanifanyia nini, na mimi nataka nifanye hivyo hivyo ila wazee wa huku wananiambia nikiandika nitajifunga, kaa kimya upite kwanza. Mama unanishauri nini?

Mwanangu, hayo maneno ya "utajifunga" nimeambiwa mimi mwenyewe, tena sebuleni kwangu. Na bado yananiuma, sitaki kudanganya. Ngoja nikujibu hapa hapa wazi ili na wengine wanaotia nia huku nyanda za juu wasome.

Kwanza hilo la seneti tulielewe vizuri. Seneti ni baraza la juu la bunge, na ile ya Marekani ina watu 100, kila jimbo wawili, liwe kubwa kama California au dogo kama Wyoming, na wanakaa miaka 6. Zamani walikuwa wanachaguliwa na mabunge ya majimbo, wananchi wakaanza kuwachagua moja kwa moja baada ya katiba yao kubadilishwa mwaka 1913. Jirani zetu Kenya nao wana seneti kwa katiba ya 2010, kaunti 47 kila moja inatoa seneta wake. Sisi Tanzania tuna Bunge moja tu, na huwezi kuingia humo bila chama. Marehemu Mchungaji Mtikila alihangaika na kesi ya mgombea binafsi miaka na miaka mpaka akashinda kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013, na hadi leo mgombea binafsi hatuna.

Nakwambia haya kwa sababu moja. Seneta wa Marekani anaweza akapinga chama chake, akakihama kabisa, na kiti akabaki nacho. Wewe chama kikikufuta uanachama, ubunge nao umeishia hapo, soma ibara ya 71 ya Katiba. Kwa hiyo karatasi yako huwezi kuanza kuiandika hewani. Chukua ilani ya chama chako uisome yote, sio kurasa za picha za mbele, yote, halafu jiulize kuhusu jimbo langu inasema nini, na imenyamazia nini. Pale iliponyamaza ndipo msimamo wako unapoanzia. Mimi nilifanya hivyo na ndio maana sikuwahi kuogopa kuitwa na kuhojiwa na mtu.

Mimi nilitia nia ya udiwani mwaka 2020, kwenye kata moja ya huku Rungwe juu, ukanda wa viazi. Kila mtu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kujipitisha usiku, mara anasaidia msiba huu, mara anachangia kwaya ile. Mimi nikakaa na binti yangu tukaandika karatasi moja, upande mmoja tu, misimamo mitatu, tukaipeleka steshenari Tukuyu ikatolewa kopi.

Msimamo wa kwanza ulikuwa lumbesa. Wasiojua huku kwetu ni kwamba mkulima wa viazi mviringo anauza kwa gunia, na gunia la mnunuzi linajazwa mpaka mdomoni halafu linashonewa kilemba juu, kwa hiyo unayeuza unahesabiwa gunia moja wakati pale kuna gunia na zaidi ya robo ya gunia lingine. Sheria ya Vipimo ipo, gunia lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wapo, matangazo ya redio yapo kila msimu. Na kila msimu lumbesa inapakiwa mchana kweupe. Mwanamke analima kwa mkono kwenye ule ubaridi, anapiga dawa ya ukungu mara chungu nzima maana mvua za kwetu hazina mchezo, mbegu kakopa, mbolea kakopa, halafu siku ya mavuno mtu ambaye hajawahi kushika jembe anamchukulia viazi vya kilemba bure. Nikaandika: nikiwa diwani nitasimama kwenye baraza nidai mizani kwenye kila kituo cha kununulia viazi kwenye kata, mnunuzi alipe kwa kilo.

Wa pili ulikuwa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nikaandika majina ya vikundi vyote vilivyopata na kiasi walichopata yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, kila mtu asome. Wa tatu ulikuwa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya elfu 20 vilivyoanza Desemba 2018. Mama ameshalipia kitambulisho, asidaiwe tena ushuru wa kuweka beseni lake la ndizi chini. Basi. Mitatu.

Barabara sikuandika na maji sikuandika, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndipo watu wanapodanganywa kila miaka mitano. Barabara za vijijini zilitoka mikononi mwa halmashauri zikaenda TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Maji vijijini yako RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, tangu sheria ya 2019. Diwani anaweza kupiga kelele, anaweza kuandika barua, anaweza kuwaita kwenye kamati ya maendeleo ya kata wajieleze, lakini kusema "nitawaletea lami" ni kuahidi shamba la jirani. Nilikataa kuahidi. Wenzangu wote waliahidi.

Siku moja kabla ya kura za maoni za chama akaja nyumbani mtu mmoja, ni dalali mkubwa tu wa viazi, na ni mjumbe wa kupiga kura hizo. Tukaongea habari za familia, akanywa chai, halafu akasema mama sisi tunakupenda, una akili, una roho nzuri, ila ule mstari wa mizani ufute, mstari mmoja tu, sisi tuko wengi mle ndani. Usijifunge mama, pita kwanza, hayo mambo utayafanya ukishakaa kwenye kiti. Nikamwambia mgeni wangu nakuheshimu sana, chai umekunywa, mstari haufutiki. Akaondoka kwa adabu zake.

Kesho yake ukumbini tulipewa dakika chache kila mtu. Nikasoma karatasi yangu. Mjumbe mmoja akasimama akauliza, wanunuzi wakihamia Njombe au Makete je, mama utatununulia viazi wewe? Nikamjibu Njombe ni Tanzania na Sheria ya Vipimo ni hiyo hiyo moja, na mnunuzi anafuata viazi, wala hafuati kilemba, viazi vya kwetu vinafika Dar vinanunuliwa kabla ya gari kuzimwa. Wanawake wa nyuma walipiga makofi, wengi wao hawakuwa wajumbe. Aliyenifuata akasema yeye ataleta lami, maji na ajira kwa vijana, ukumbi mzima ukasimama.

Kura zilipohesabiwa nikawa wa mbali. Sikulia pale. Nilimpa mkono aliyeshinda, nikapanda bodaboda nikarudi kwangu. Kilichoniuma zaidi ya kura ni watu niliowasaidia kwa mkono wangu, watu nilioandikia barua za mkopo, kukaa wiki nzima wakikwepa macho yangu sokoni. Hilo sijalisahau na wala sijilazimishi kulisahau.

Sasa angalia. Aprili 2023 serikali yenyewe ilisimamisha ile mikopo ya asilimia 10, vikundi hewa vimejaa, marejesho hayarudi, mpaka 2024 ndio ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Mimi nilikuwa nimeandika mwaka 2020 kwenye karatasi, majina yabandikwe ukutani watu wayaone! Kikundi hewa kinajificha wapi kama majina yako ukutani na kijiji chote kinapita pale? Kuna kina mama mpaka leo wananiambia mama ulisema. Ndio, nilisema, na niliandika, na hakuna mtu wa kunigeuzia maneno kwa sababu yapo kwenye karatasi. Hiyo ndiyo faida ya kujifunga mwanangu. Aliyeahidi lami hakuna hata mtu mmoja mwenye maneno yake mkononi.

Kwa hiyo turudi kwako wewe wa Mbarali. Jimbo lako ni gumu kuliko kata yangu mara nyingi na nadhani wazee wako wanaogopa kwa sababu hiyo. Huko kuna mpunga, kuna ng'ombe, kuna Bonde la Usangu, kuna Hifadhi ya Ruaha iliyopanuliwa mwaka 2008 ikaingia mpaka Usangu na vijiji vikabaki kwenye mgogoro wa mipaka miaka yote hiyo. Kuna Mto Ruaha Mkuu ambao tangu miaka ya 1990 unakauka kiangazi, na maji yake ndiyo yanayotegemewa kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu kwa umeme. Mkulima wa mpunga anataka maji yabaki shambani, mfugaji anataka pa kunyweshea, hifadhi inataka mto utiririke, na wote hao wa jimboni kwako wana kadi ya kupigia kura. Hapo ndipo utasikia mgombea anasema "nitahakikisha kila mtu anapata haki yake". Maneno hayo hayana kitu ndani. Wewe andika. Skimu zilizopo zitengenezwe mifereji maji yasipotee kwanza kabla ya kufungua mashamba mapya, au hapana? Mkulima aliyeondolewa alipwe fidia kwa kigezo gani? Mifugo iwe na mwisho wa idadi au isiwe nao? Chagua. Utawaudhi wengine, ni kweli, lakini atakayekupigia kura atajua anapigia kitu gani.

Halafu ujue mbunge ana uwezo gani, maana na ubunge nao una uongo wake. Watu wanaahidi nitafuta kodi hii, nitashusha tozo ile. Ibara ya 99 ya Katiba inasema muswada wa kuweka au kubadilisha kodi, au wa kutumia fedha za Mfuko Mkuu, Bunge haliushughulikii mpaka Rais apendekeze kupitia kwa waziri. Mbunge wa kawaida hawezi kuamka Dodoma na muswada wake wa kufuta kodi. Anachoweza ni kusimama kwenye bunge la bajeti, linaloanza Aprili mpaka Juni, akahoji, akakataa, akapiga kura ya hapana. Unakumbuka tozo za miamala za Julai 2021? Wananchi walipiga kelele, zikapunguzwa mwaka huo huo, baadaye zikapunguzwa tena. Basi kwenye karatasi yako usiandike nitafuta, andika nitapiga kura gani na nitauliza swali gani. Bima ya afya kwa wote vile vile, sheria imepitishwa 2023, mwananchi wako wa Rujewa anataka kujua utasimamia kaya isiyo na uwezo ilipiwe vipi, hataki kusikia kwamba afya ni muhimu, hilo analijua.

Na hela. Watakuomba. Wataita nauli, wataita maji ya kunywa, wataita heshima ya wazee. Takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura kwa vitu na hela, Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ipo tangu 2010. Mimi sikutoa hata mia, na nilishindwa, na nalala usingizi. Vijana mnataka njia ya mkato kwenye kila kitu halafu mkifika mnashangaa mbona siko huru, utakuwaje huru wakati umenunua kiti kwa hela ya dalali? Ukinunua kura umeshamalizana na mpiga kura, hakudai tena na wewe humdai. Jamani tuache. Kila mwenye nia ya kuongoza aanze na kuandika anachoamini, asome ilani, asome Katiba, aandike, awape watu. Nimesema na narudia, andika.

Ila angalia muda. Vyama karibu vyote vinakataza kujipitisha kabla ya wakati, na kuna watu watakuchongea mapema sana. Kwa hiyo sasa hivi usiandike kama mgombea. Andika kama mwananchi wa Mbarali mwenye maoni kuhusu maji ya Usangu, peleka kwenye mkutano wa kijiji, simama useme, andikwa kwenye muhtasari. Hakuna chama kinachomzuia mwanachama wake kuongea kwenye mkutano wa kijiji chake. Ikifika 2030 una miaka ya kumbukumbu kwenye mafaili ya vijiji na wenzako ndio kwanza wanatafuta fundi wa mabango.

Umeniuliza pia kama uweke picha kwenye karatasi. Weka, ndogo, kona ya juu, na namba ya simu unayoipokea mwenyewe. Sehemu iliyobaki yote iwe maneno, kwa herufi kubwa kidogo, wazee wa Igurusi waweze kusoma bila kuazima miwani ya mtu. Na ukimaliza kuandika nitumie niisome kabla hujaenda steshenari.