Kura 61 kwa 38: uzito wa sahihi ya rais wa Marekani

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, mwaka wa pili. Kwenye semina tuliambiwa kwamba Marekani ilisaini Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, lakini mpaka leo si mwanachama, wakati Kenya na Tanzania ziliridhia zamani. Lakini makubaliano ya nyuklia na Iran, yaliyopingwa vikali na wabunge wao, yalitekelezwa, kisha rais aliyefuata akayavunja kwa tangazo la siku moja. Sahihi ya rais wa Marekani ina uzito gani kisheria? Na mtu atajuaje kama makubaliano yatadumu?

Jibu: Ndugu msomaji, nitaanza na kura mbili, kwa sababu ndani yake mna karibu jibu lote.

Tarehe 20 Novemba 1993 Seneti ya Marekani ilipigia kura NAFTA, makubaliano ya biashara huria na Kanada na Meksiko. Waliounga mkono walikuwa 61, waliopinga 38. NAFTA ikapita, na ilipofika Januari mosi 1994 ikaanza kutumika. Tarehe 4 Desemba 2012 Seneti hiyohiyo ilipigia kura mkataba huo wa watu wenye ulemavu unaouulizia. Waliounga mkono 61, waliopinga 38. Mkataba ukaanguka.

Kilichotofautiana ni utaratibu. Ibara ya Pili ya Katiba ya Marekani inamruhusu rais kufunga mikataba kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, mradi theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wakubali. Mwaka 2012 walipiga kura maseneta 99, hivyo zilihitajika 66, na zikapungua tano. NAFTA haikupelekwa kwa utaratibu huo. Ilipelekwa kama muswada wa kawaida wa sheria katika mabaraza yote mawili ya Congress, yaani bunge la Marekani, ambako wingi wa kawaida unatosha. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeshaupitisha kwa kura 234 dhidi ya 200. Ipo na njia ya tatu: rais anaahidi kwa mamlaka yake mwenyewe, bila kura ya mtu yeyote. Huko ndiko yalikopita ya Iran.

Kwa mtu aliyesomea sheria za kwetu jambo hili linashangaza kidogo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, na kwa kuwa chama kinachounda serikali ndicho chenye wabunge wengi, muswada wa kuridhia ni nadra sana kukwama. Marekani rais na Seneti wanachaguliwa mbalimbali, mara nyingi wanatoka vyama vinavyohasimiana, na kila jimbo lina maseneta wawili, liwe Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 au California yenye karibu milioni 39. Maseneta 34 tu, wote wakihudhuria, wanatosha kuzuia mkataba. Hao 34 wanaweza kutoka majimbo ambayo kwa jumla yana sehemu ndogo tu ya Wamarekani. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba anayetaka kuelewa sera ya nje ya Marekani asiishie kusoma hotuba za rais. Asome pia uchaguzi wa Indiana na Kansas.

Tubaki kwenye kura ya 2012, maana ina mafunzo mengi. Mkataba ule ulipitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2006, na sehemu kubwa ya fikra zake ilichotwa kwenye sheria ya Marekani yenyewe, ile ya 1990 ya Wamarekani wenye ulemavu, iliyosainiwa na George H. W. Bush, rais wa chama cha Republican. Kwa maneno mengine, dunia ilikuwa inaiomba Marekani iridhie kitu ilichokianzisha yenyewe. Siku ya kura, Bob Dole, aliyewahi kuwaongoza Warepublican katika Seneti na kugombea urais kwa tiketi yao mwaka 1996, aliingia ukumbini kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa na miaka 89, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelemaa tangu alipojeruhiwa vitani Italia mwaka 1945. Seneta John McCain, naye majeruhi wa vita, aliunga mkono. Hata hivyo kura zote 38 za hapana zilitoka chama chao. Maseneta wote wawili wa Kansas, jimbo la Dole, walikataa, na mmoja wao, Jerry Moran, miezi michache kabla alikuwa ametangaza hadharani kwamba anaunga mkono.

Nini kilitokea katikati? Kampeni kubwa iliendeshwa na wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani, wakiongozwa na chama chao cha utetezi wa kisheria na kusaidiwa na Rick Santorum, aliyekuwa amegombea uteuzi wa urais mwaka uleule. Walisema maneno ya mkataba kuhusu maslahi ya mtoto yangewapa maofisa wa Umoja wa Mataifa nafasi ya kuamua badala ya mzazi. Kwa mwanasheria hoja hiyo haina mashiko. Azimio la kuridhia lilibeba masharti yanayosema wazi kwamba mkataba usingetumika moja kwa moja katika mahakama za Marekani, na kamati inayousimamia haina uwezo wa kumwamuru mzazi yeyote. Lakini seneta hapigi kura akiwa mwanasheria tu. Mei 2012 Richard Lugar wa Indiana, aliyekuwa seneta kwa miaka 36 na mmoja wa watu walioijua sera ya nje kuliko wengi katika chama chake, alishindwa katika kura za maoni za chama (wenzetu Kenya husema mchujo). Aliangushwa na mpinzani aliyemshambulia, pamoja na mengine, kwa kushirikiana mno na Obama. Kila seneta wa Republican aliyekuwa anakaribia uchaguzi aliliona hilo. Kura za maoni hupigwa na watu wachache, wenye msimamo mkali, na wanaopiga simu ofisini kila siku. Wapigakura waliokuwa wakiutaka mkataba walikuwa wengi, ila hawakuwa na uwezo wa kumnyima mtu kiti.

Woga huo wa mikataba ya haki za binadamu una mizizi mirefu. Katika miaka ya 1950 Seneta John Bricker wa Ohio alitaka katiba irekebishwe ili kupunguza nguvu ya mikataba, na majimbo ya kusini yalikuwa na sababu yao ya kuogopa: ubaguzi wa rangi waliokuwa wameuandika katika sheria zao ungeweza kuvunjwa kwa njia ya mkataba. Mwaka 1954 rekebisho moja la aina hiyo lilishindwa kwa upungufu wa kura moja tu. Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari, uliosainiwa Desemba 1948, ulisubiri ridhaa ya Seneti hadi Februari 1986. Hiyo ni zaidi ya miaka 37, kwa mkataba unaokataza mauaji ya kimbari. Nasikitika kila ninapofundisha hapo, na sioni sababu ya kuficha.

Sasa tuje Iran. Obama alijua kabisa kwamba theluthi mbili hazipo, na makubaliano ya 14 Julai 2015 hayakuitwa mkataba. Wizara ya Mambo ya Nje iliandika baadaye mwaka huo kwamba si mkataba, wala hati iliyosainiwa, bali ni ahadi za kisiasa. Kwa hiyo hapo hata hiyo sahihi unayoiuliza haikuwepo. Congress ilidai nafasi yake kwa sheria ya Mei 2015, lakini sheria hiyo iligeuza hesabu juu chini: badala ya rais kutafuta theluthi mbili za kukubali, wapinzani ndio walihitaji theluthi mbili za kushinda kura yake ya turufu. Hawakufika hata huko. Septemba 2015 maseneta 58 walitaka mjadala ufungwe ili azimio la kupinga lipigiwe kura, na kanuni za Seneti zinadai 60 ili kufunga mjadala. Makubaliano yakaishi. Weka takwimu hizo karibu na zile za mwanzo: mkataba wenye wafuasi 61 ulikufa, na makubaliano ambayo maseneta 58 walikuwa tayari kuyasukuma kwenye kura ya kuyapinga yalianza kazi.

Gharama yake ilijulikana tangu siku ya kwanza. Machi 2015 maseneta 47 wa Republican, wakiongozwa na Tom Cotton, waliwaandikia viongozi wa Iran barua ya wazi kuwaonya kwamba rais ajaye anaweza kuyafuta. Wengi waliiona barua ile kama utovu wa adabu, na mimi nakubaliana nao, kwa kuwa serikali moja haiwezi kujadiliana na wageni kwa sauti mbili. Kisheria lakini ilisema kweli. Tarehe 8 Mei 2018 Donald Trump alijitoa, na hakuhitaji kumuuliza seneta hata mmoja.

Makubaliano ya Paris kuhusu tabianchi yalitengenezwa yakiwa na hofu hiyohiyo ndani yake. Julai 1997 Seneti ilikuwa imepitisha azimio kwa kura 95 kwa sifuri kuonya dhidi ya mkataba wa aina ya Kyoto, unaozilazimisha nchi tajiri kupunguza hewa chafu. Mmoja wa waasisi wa azimio hilo alikuwa Robert Byrd wa West Virginia, jimbo la makaa ya mawe. Clinton hakuthubutu hata kuupeleka Kyoto mbele yao. Basi Paris, Desemba 2015, nchi karibu 200 zilikubali malengo ya kupunguza hewa chafu yasiwe ya lazima kisheria, na dakika za mwisho kifungu kimoja kililegezwa kwa kuwa ujumbe wa Marekani ulioongozwa na John Kerry ulisema hauwezi kukikubali kilivyo. Dunia nzima iliandika hati kwa kupima maseneta ambao hawakuwemo ukumbini. Baadaye Marekani ikatoka Novemba 2020, ikarudi Februari 2021, na tarehe 20 Januari 2025 Trump akaagiza itoke tena.

Usidhani kwamba mkataba uliopitishwa na Seneti hauguswi. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ilikataa kuingilia rais Carter alipovunja mkataba wa ulinzi na Taiwan peke yake. Ndiyo sababu Desemba 2023 Congress iliweka sheria inayomkataza rais kujitoa NATO bila theluthi mbili za Seneti au sheria mpya. Waliosukuma kifungu hicho ni Tim Kaine wa Democrat na Marco Rubio wa Republican.

Kwa swali lako la pili: ukisoma habari ya makubaliano na Washington, tafuta yamepitia wapi. Kama ni Seneti kwa theluthi mbili, kuyavunja kuna gharama kubwa ya kisiasa. Kama ni sheria ya Congress, angalia ina tarehe ya kuisha au haina. Kama ni rais peke yake, hesabu miaka iliyobaki katika muhula wake na uangalie mpinzani wake anasema nini. Halafu uliza ni kundi gani ndani ya Marekani linanufaika nayo kiasi cha kupiga kelele yakiguswa, kwa sababu hilo ndilo litakaloyalinda.

Mfano wa karibu nasi ni Kenya. Julai 2020 ilianza mazungumzo ya biashara huria na serikali ya Trump. Tarehe 1 Julai 2021 muda wa ruhusa maalumu inayoilazimu Congress kupiga kura ya ndiyo au hapana bila kuchambua kifungu kimoja kimoja uliisha, na utawala wa Biden haukuomba mpya, kwa kuwa vyama vya wafanyakazi na wabunge wengi wa Democrat hawakutaka tena makubaliano ya aina ya NAFTA. Julai 2022 yakaanzishwa mazungumzo mengine, yasiyogusa ushuru. Wenye viwanda vya nguo Kenya wakaendelea kutegemea AGOA, inayoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Hiyo ni sheria ya Marekani na si mkataba, na sheria hiyo ilikuwa na tarehe yake ya mwisho: 30 Septemba 2025.