"Leo chanjo, kesho vidonge": mzazi anayeuona mteremko ajibiweje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi mkoani Tanga. Wachanjaji wa HPV, kirusi cha zinaa kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, wanakuja mwezi ujao. Kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja alisimama akasema: "Leo mnawachoma watoto wa miaka tisa chanjo ya ugonjwa wa zinaa, kesho mtawapa vidonge vya uzazi wa mpango, keshokutwa mtatuambia ndoa haina maana." Watu wakampigia makofi. Nikamwambia hiyo ni imani potofu, ndiyo kwanza akapata wafuasi. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Ulipoteleza ni hapo kwenye "imani potofu". Maneno hayo yamekuwa muhuri wetu sisi watu wa afya: mtu akiuliza jambo gumu anagongewa, faili linafungwa. Mzee huyo hakueleza imani, alitabiri. Alisema hili likitokea lile litafuata, na lile litaleta la tatu. Utabiri haukemewi, unapimwa.

Tena ana methali upande wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Sote tumelelewa na hoja za mteremko, yaani hatua moja ndogo huvuta nyingine hadi chini kabisa, na nyingi ni za kweli. Ufa huangusha ukuta kwa sababu mvua ikinyesha maji yanaingia, udongo unalainika, tofali linaachia. Buyu linaisha kwa sababu hakuna anayelijaza. Kila hatua ina kitu kinachoisukuma. Kinachonichosha ni watu kuazima hofu ya methali wakaacha maji yake nyuma. Mtu akisema "leo hiki, kesho kile", neno "kesho" peke yake linahesabiwa kuwa ushahidi. Muulizeni: hapa maji yanapita wapi?

Kikao kijacho mpe chaki, aandike mnyororo wake ubaoni, wewe usimkatize. Atapata kitu kama hiki: chanjo, kisha binti anajiona ameruhusiwa, kisha anaanza ngono, kisha serikali inaleta vidonge shuleni, kisha ndoa inadharauliwa. Hiyo ni mishale minne. Hata tukimkubalia kwamba kila mshale una nafasi 7 kati ya 10 za kutokea, yote minne kwa pamoja inabaki na nafasi 24 hivi kati ya 100. Mnyororo mrefu husikika wa kutisha zaidi kadiri unavyozidi kuwa dhaifu. Halafu twende mshale mmoja mmoja.

Mshale wa kwanza na wa pili vimeshapimwa. Atlanta, Marekani, wasichana 1,398 waliokuwa na miaka 11 na 12 mwaka 2006 na 2007 walifuatiliwa kwa hadi miaka 3 kupitia kumbukumbu zao za matibabu: ujauzito, magonjwa ya zinaa, ushauri wa uzazi wa mpango. Waliochanjwa HPV hawakuwazidi wenzao. Jimbo la Ontario, Kanada, wakachukua wasichana zaidi ya 260,000, wakalinganisha waliozaliwa muda mfupi kabla ya mwaka uliowapa sifa ya kuchanjwa na waliozaliwa muda mfupi baada yake. Ulinganisho huo una nguvu, kwa sababu msichana hakujichagulia mwaka wa kuzaliwa. Mimba na magonjwa ya zinaa havikuongezeka.

Atasema hao ni Wazungu. Sawa, mjibu kwa ya nyumbani. Chanjo hii iko kwenye ratiba ya Tanzania tangu Aprili 2018. Wasichana wa miaka 14 wa mwaka ule sasa ni watu wazima. Vidonge shuleni viko wapi? Mteremko unaodaiwa kuwa mkali hivyo ungekuwa umeshatufikisha mahali.

Hapa jihadhari, maana mzee mwerevu atakurudi: "Mlianza na miaka 14, leo mmeshuka hadi 9. Huo si mteremko?" Usikwepe. Umri umeshuka kweli, na sababu yake inajulikana. Mwaka 2018 chanjo ilikuwa adimu duniani, ikabidi kuchagua rika moja. Baadaye ikathibitika kwamba dozi moja inatosha kwa wengi. Sehemu ya ushahidi huo imetoka Mwanza, kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, na mwingine Kenya, ambako dozi moja iliwakinga wasichana wa miaka 15 hadi 20 dhidi ya aina ya 16 na 18 za kirusi kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18. Aina hizo mbili husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani likaruhusu dozi moja mwishoni mwa 2022, na Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Umri ulipanuka, sindano zikapungua kutoka mbili hadi moja.

Na kwa nini mapema? Chanjo hii inakinga, haitibu. Kirusi kikishaingia imechelewa. Pia mwili wa mtoto wa miaka 9 hadi 14 hujenga kinga kubwa kuliko wa binti wa miaka 20. Uingereza, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 walipungukiwa na saratani hii kwa asilimia 87. Na kukingwa mapema si kuruhusiwa: mtu aliyechomwa sindano ya pepopunda haendi kutafuta misumari akanyage.

Lakini usiwaambie wazazi kwamba kinga haibadilishi tabia kamwe. Huo nao ni uongo. Kwenye dawa za kumeza za kujikinga na VVU, baadhi ya watumiaji wamepunguza kondomu, na magonjwa mengine ya zinaa yameonekana kupanda. Kwenye tohara ya wanaume hofu ilikuwa ileile. Watafiti wakawafuatilia wanaume Kisumu, wasione waliotahiriwa wakiongeza ngono hatarishi kuliko wasiotahiriwa. Hofu moja, majibu mawili tofauti. Ndiyo maana inapimwa.

Sisi wa afya nasi tuna miteremko yetu ya kubuni. Utasikia ofisa akitisha: "Mkikataa HPV, kesho surua itarudi." Surua ina maji yake ya kuingia kwenye ufa: inaenea kwa hewa, na jamii inahitaji takribani asilimia 95 ya watu wenye kinga, chini ya hapo inalipuka. Kukataa HPV hakuleti mlipuko wa mwezi ujao. Kunaleta mwanamke wa miaka 45 anayetokwa na damu, miaka 30 baadaye. Hiyo yatosha, haihitaji chumvi. Hata kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayowasaidia waraibu wa heroini kuacha, ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011 dhana ya "mnawahalalishia mateja unga" ilihitaji jibu la namna hiihii: methadoni ilinywewa mbele ya mhudumu kila siku, haichomwi, basi mshale wa kuongeza sindano umepitia wapi?

Cha kushangaza, mzazi yuleyule anayeogopa mteremko wa chanjo ataingia duka la dawa akanunua amoksilini vidonge sita, ameze siku mbili, abakize. Huo sasa ni mteremko halisi wenye maji yake: bakteria wanaozoea dawa wanabaki, wanazaana, wanahamia kwa jirani.

Wanaofaidi hofu hii ni wauza "dawa ya kutoa sumu ya chanjo" wanaojitokeza kwenye makundi ya WhatsApp wachanjaji wakishaondoka. Hakuna cha kutoa. Ndani ya ile nusu mililita mna maganda ya protini yasiyo na vinasaba vya kirusi, hayawezi kuzaliana. Maumivu ya bega na homa ndogo huisha kwa siku chache. Binti aketi dakika 15 baada ya sindano kwa sababu wengine huzirai kwa woga, na tukio hilo moja likirekodiwa kwa simu litageuzwa "ushahidi" kabla ya jioni. Panga madawati yake mapema, mbali na foleni. Aliye na VVU anahitaji zaidi ya dozi moja, kwa hiyo mchanjaji azungumze faraghani na mlezi, si kwenye mstari. Mama zao nao, wenye miaka 30 hadi 50, waende kituoni kupimwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi kwa siki. Chanjo ya binti haimkingi mama.